Unga Bila Kichupa

Neno nililopaswa kusema siku ile lilikuwa hapana, na nilikuwa na umri wa kutosha kulijua. Badala yake nilisema, "Itawezekana."

Tulikuwa wawili katika chumba cha juu cha jengo la zamani katikati ya jiji, juu ya duka la vitambaa. Mezani palikuwa na pakiti ya unga, na juu ya pakiti kichupa kidogo cha maji ya kalsiamu kilichoshikizwa kwa utepe. Mwenye kampuni, ambaye sote tulimwita Meneja ingawa watu aliowaongoza wasingejaza benchi moja, alikigonga kile kichupa kwa ukucha.

"Mzee, hii kachupa inatumaliza. Inavuja, inavunjika kwa pikipiki, halafu kastoma ananipigia ananiuliza ni ya nini. Si uiweke tu ndani ya unga? Mtu atie maji, achemshe, amalize. Kitu moja."

Nilijua kwa nini kichupa kilikaa peke yake. Katika jengo lile lote, kutoka duka la vitambaa mpaka paa, nilikuwa mtu pekee aliyejua, na hiyo ndiyo sababu niliitwa pale. Nikakichukua, nikakigeuza mkononi kama mtu anayefikiri, na nikasema itawezekana.

Kazi yangu maishani ilikuwa kupikia bakteria chakula. Niliwahi kuwaambia watu hivyo kwa mzaha, lakini ni kweli tupu. Nilikuja Nairobi kutoka magharibi nikiwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kibarua katika maabara moja kando ya Waiyaki Way, kwanza kuosha chupa, kisha kupika. Chakula chenyewe huja kama unga ndani ya kopo, rangi ya mchanga mkavu, na ukikifungua kifuniko harufu yake ni ya nyama iliyochemshwa ikasahaulika. Sisi tuliuita midia. Unapima, unautia kwenye maji huku unakoroga, maana ukifanya kinyume chake, maji juu ya unga, utapata madonge ambayo hata mke mvumilivu hawezi kuyaponda. Kisha chupa zinaingia katika jiko la mvuke, zinatoka zikiwa na supu safi ya rangi ya chai nyepesi. Jioni mbwa wa Uthiru walinifuata kutoka barabarani mpaka mlangoni kwangu kwa sababu ya harufu iliyokuwa kwenye nguo. Mke wangu alisema nilikuwa mwanamume pekee aliyemjua anayerudi kazini akinuka hoteli bila mfupa mkononi.

Unga ule una tabia. Unapenda maji kuliko kitu kingine. Ukiacha kopo wazi siku ya mvua, hata kwa muda wa kunywa chai, unaanza kunata, na kesho yake umekuwa jiwe. Nilijifunza kuufunika bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango nyuma yake. Hayo nayajua. Nayaandika ili isije ikadhaniwa kwamba nilikosea kwa kutojua.

Niliyempikia kwa miaka mingi zaidi alikuwa Daktari, mwanamke kutoka familia ya zamani ya huko Kikuyu, ambaye alifuga faji. Faji ni virusi wanaokula bakteria. Hawamgusi mtu wala kuku, wanatafuta bakteria wao tu. Nilipomwuliza mara ya kwanza ni kitu gani, hakunieleza kwa maneno. Alinionyesha chupa mbili za supu niliyoipika mwenyewe, zote zimejaa bakteria, nzito kama maji yaliyooshewa mchele. Katika moja akatia matone kutoka kwenye kitubu chembamba cha kioo, akaniambia nirudi baada ya chakula cha mchana. Niliporudi, ile moja ilikuwa imesafika. Ungeweza kusoma gazeti kupitia ile chupa. Ya pili ilikuwa nzito vilevile.

"Wamekwisha wote?" nikamwuliza.

"Wameliwa."

Lakini faji zile zilikuwa na sharti. Bila kalsiamu hazikuweza kumshika bakteria, zilimgonga na kuteleza tu. Na kalsiamu haipikwi pamoja na unga ule. Ndani ya unga mna chumvi nyingine, fosfeti, na hiyo na kalsiamu vikikutana motoni vinaganda na kutulia chini kama chokaa ya birika. Kwa hiyo unapika supu kwanza, unaiacha ipoe mpaka chupa ishikike kwa mkono mtupu, ndipo unatia maji ya kalsiamu kutoka kwenye kichupa chake. Ziko faji zisizojali. Hizi zilijali, na Daktari alinirudia jambo hilo mpaka nikawa namaliza sentensi zake.

Kulikuwa na desturi pale kazini ambayo haikuandikwa popote. Wenye shahada walivaa koti jeupe. Sisi wa kuosha, kupika na kubeba tulivaa koti la buluu. Chai ya saa nne, makoti meupe yalinywa juu, ya buluu tulinywa kando ya jiko la mvuke, na hakuna aliyetukataza kupanda wala aliyetukaribisha. Nilivaa buluu tangu nilipoingia hadi nilipotoka. Sikulalamika. Nilidhani sikuumia, na mtu akidhani hivyo hajui ni wapi atakapobonyezwa.

Nilipostaafu mke wangu alitaka turudi nyumbani magharibi. Alikuwa amefunga mizigo moyoni kabla mimi sijakabidhi funguo. Mimi nilitaka Nairobi, na sababu zangu hazikuwa za maana: nilikuwa nimezoea kushuka mjini, kusoma magazeti yaliyotandazwa chini, kusalimiwa. Tukabishana bila kelele kwa muda. Kilichoamua ni kuku. Mwenye ploti tuliyopanga Uthiru alimwachia mke wangu sehemu ya nyuma, naye akajenga banda, akaanza na vifaranga wachache wa mayai, na mwaka haukuisha banda likawa limejaa na wenye hoteli za pale stejini wakawa wanamjua kwa simu. Kilikuwa kitu chake. Mimi sikuruhusiwa hata kuwapa maji bila kuulizwa nimeosha mikono.

"Nitakaa hapa kwa ajili ya hawa," aliniambia akionyesha banda. "Wewe nilishakuzoea, wewe si sababu."

Alicheka, nami nikacheka. Lakini nilielewa. Siku kuku wakiisha, ataondoka.

Mwaka mmoja ukaja ugonjwa, ile taifodi ya kuku inayowafanya wasinzie na kujisaidia rangi ya manjano, upanga wa kichwani ukiwa umepauka. Dawa za duka la mifugo zilikuwa hazifanyi kazi tena, bakteria walikuwa wamezizoea, na chanjo haikupatikana majira yale. Daktari naye alikuwa ameshastaafu, na alikuwa na chumba kidogo cha kazi nyuma ya nyumba yake Loresho, ambapo zamani alikaa mfanyakazi wa nyumbani. Alikuwa na kibali cha kujaribu faji zake kwa kuku wa watu waliokubali. Nilimwomba, mke wangu akakubali shingo upande. Tukawapa kuku maji ya faji. Kwa jirani banda zima lilikwisha. Kwetu walikufa wachache, waliobaki wakasimama, wakaanza tena kutaga.

Mke wangu alisimama kwenye mlango wa banda akiwa na trei ya mayai mikononi. Miaka yote ile hakuwahi kuuliza nilichokuwa nikipika.

"Kumbe ulikuwa unapika kitu," akasema.

Sijawahi kusifiwa kuliko hapo.

Baada ya hapo ndipo Meneja alipokuja kunitafuta. Zamani alikuwa akituletea vifaa pale maabara, akiuza glavu na visahani, kijana mwenye maneno mengi na viatu vinavyong'aa. Sasa alikuwa na kampuni. Alikuwa akinunua unga kwa magunia, kuupima na kuufunga katika pakiti ndogo kwa shule, vyuo na maabara ndogondogo, na alitaka pakiti maalum kwa watu wa faji, ambao alisema wanaongezeka. Alihitaji mtu anayejua. Siku ya kwanza alinikabidhi mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na koti jeupe, jipya, limepigwa pasi, na kifuani limeshonwa kwa uzi wa kijani: Mtaalamu.

Nililivaa nyumbani mbele ya kioo. Mke wangu akapita na debe la maji.

"Daktari wa unga!" akasema. "Sasa ukipita stejini wagonjwa watapanga laini."

"Cheka tu."

"Sicheki. Limekupendeza. Lakini ukiingia nalo kwa banda kuku watadhani umekuja harusini."

Kwa miezi ya kwanza nilifunga pakiti kama inavyotakiwa, unga huku, kichupa huku. Kisha ikaja ile siku ya kichupa kuvuja. Meneja hakuwa mtu mbaya, na sitaki msomaji amfanye mbaya ili nipumue. Yeye aliuliza swali. Asiyejua ana haki ya kuuliza swali la kijinga. Mimi niliyevaa koti lenye neno kifuani ndiye niliyepaswa kumwambia kwamba haiwezekani, na kwa nini, na ingechukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Lakini nilihisi kwamba mtaalamu hasemi haiwezekani. Aliyesema haiwezekani maisha yake yote ni yule wa koti la buluu, anayeambiwa na wakubwa nenda kajaribu tena.

Nikachanganya. Pakiti za kwanza ziliharibika zikiwa bado rafuni: chumvi ya kalsiamu inavuta maji hewani kuliko hata unga wenyewe, ikaugeuza wote kuwa donge lenye jasho. Nikalikausha kwenye joto dogo, nikalisaga, nikalichekecha kwa chekecheo la nailoni kama mke wangu anavyochekecha unga wa mandazi. Nilipoipika, supu ikatoka na ukungu mweupe na chokaa chini. Meneja akaiinua chupa dirishani.

"Hii watarudisha, mzee. Inakaa maziwa."

Nikapunguza kalsiamu. Ikaganda kidogo. Nikapunguza tena, na tena, mpaka unga ukawa mkavu mzuri na supu ikawa angavu. Nilikuwa na macho ya mpishi, na mpishi hupenda supu angavu. Nikajaribu na bakteria, wakaota kwa furaha, maana bakteria hawana haja na ile kalsiamu. Kwa kutazama tu, lilikuwa jambo limekamilika. Sikujaribu na faji kwa sababu sikuwa nazo. Aliyekuwa nazo alikuwa Loresho, na njia ya kwenda kwake ninaijua nikiwa nimefumba macho. Sikwenda kwa sababu nilijua atakachosema.

Karatasi ya pakiti iliendelea kusema: kwa faji.

Haukupita muda mrefu unga wa Daktari ukamwishia, na ule aliouagiza ukakwama bandarini. Akanipigia. "Mzee wangu, nasikia siku hizi uko na duka la midia. Niletee yenu basi."

Ningeweza kumpelekea unga mtupu na kichupa, kama zamani. Bado nilikuwa na vichupa kwenye kabati. Lakini hiyo ingekuwa kukubali kwamba pakiti yangu haifai. Nikachukua pakiti yenyewe, nikavaa koti ndani ya jaketi ili alione nikifika, nikapanda kilima cha Loresho kwa miguu, kati ya nyua ndefu na walinzi wanaojua kutazama mtu bila kumsalimia.

Daktari aliipokea, akaigeuza.

"Kichupa kiko wapi?"

"Tumekiweka ndani."

"Ndani ya unga? Haigandi?"

"Tumepata njia, Daktari."

Akanitazama, kisha akatazama lile neno kifuani pangu. Hakutabasamu, na kwa hilo namshukuru. "Umechanganya wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi sawa," akasema, akaiweka rafuni.

Nimesikia maneno mengi mabaya maishani, mengine nikistahili. Hakuna linalonirudia kama lile basi sawa. Alikuwa mtu wa kupima kila kitu, na hakuipima pakiti ile kwa sababu ilitoka mkononi mwangu.

Mvua zilipoanza ugonjwa wa kuku ukarudi. Tulisikia Kangemi kwanza, kisha ukavuka barabara ukafika Uthiru ya chini. Mke wangu hakuwa na mzaha na mambo kama hayo. Asubuhi moja nikamkuta ameshaongea na mnunuzi mmoja wa hoteli za mjini, na pikapu imesimama langoni na makreti matupu. Alitaka kuwauza wote wakiwa wazima, afunge banda, aanze upya hali ikitulia.

"Subiri," nikamwambia. "Daktari anatayarisha maji."

"Atamaliza lini?"

"Siku chache. Mwaka ule si uliona?"

"Niliona." Alisimama akiwa ameshika kiuno, akamtazama yule wa pikapu, akanitazama mimi. "Baba, hawa ndio nilio nao. Ukisema nisubiri, sema ukijua."

"Nasema nikijua."

Akamwambia yule mtu arudi zake na makreti yake. Mtu akanung'unika kuhusu mafuta aliyochoma, akaondoka.

Daktari alikuwa na mbegu za faji kwenye friji yake, kiasi kidogo cha kuzalishia. Njia ni ileile: unaotesha bakteria kwenye supu, unatia mbegu, faji zinakula na kuongezeka, supu inasafika, unachuja. Kesho yake akanipigia. Supu haikusafika. Akadhani mbegu imezeeka, akafungua nyingine. Haikusafika. Akadhani joto halikuwa sawa, akabadilisha. Nilikuwa nikipokea simu hizo nikiwa kwenye kile chumba cha juu ya duka la vitambaa, mikono imejaa unga.

"Mzee, niambie tena. Kalsiamu iko?"

"Iko ndani, Daktari."

Ulikuwa ukweli wenye upungufu. Ilikuwamo, kidogo, na hicho kidogo chenyewe kiliganda jikoni. Hata wakati huo nilikuwa na nafasi. Ilitosha kusema, tia kutoka kwenye kichupa chako cha zamani, kuona tu. Nilijiambia kwamba pengine ni mbegu. Nilitamani sana iwe mbegu. Nyumbani mke wangu alikuwa akiniuliza kabla sijavua viatu.

"Maji yako wapi?"

"Yanakuja."

"Yanakuja na nani?"

Aliacha kuwatoa kuku nje. Alinunua dawa ya kuoshea miguu akaweka beseni mlangoni mwa banda, na kila aliyetaka kusogea, hata mwenye ploti, alikanyaga humo kwanza. Alipambana kwa alivyoweza. Kitu pekee alichokuwa akingoja kutoka kwa mtu mwingine ni kile nilichomwahidi.

Kisha kuku mmoja akasinzia. Alijitenga pembeni, mabawa yameshuka, upanga umepauka kama karatasi. Mke wangu alimshika miguu, akamtoa nje, na aliporudi akakanyaga beseni la dawa mara mbili. Nikaondoka saa hiyohiyo kwenda Loresho. Sikuvaa koti.

Daktari alikuwa amesimama kwenye meza yake, na mbele yake chupa tatu nzito, zote kama maji ya mchele. Alionekana amezeeka kuliko nilipomwona mara ya mwisho. Kabla sijafungua mdomo akavuta droo ya chini, akapekua katikati ya makopo na mipira, akatoa kichupa kidogo chenye kifuniko cha buluu. Kilikuwa na karatasi yenye mwandiko wangu, nilikijaza mimi kule kazini siku zile.

"Nimefikiria kila kitu isipokuwa hiki," akasema. "Kwa sababu wewe uliniambia."

Akatia katika chupa moja tu. Kisha akavuta viti viwili, tukaketi. Alinipa chai. Niliona chupa ile ikibadilika kama nilivyoiona ile ya kwanza kabisa, nikiwa kijana, ila safari hii niliomba isibadilike. Mchana haukuwa umekwisha. Supu ikawa nyepesi, kisha nyepesi zaidi, mpaka nikaona vidole vyake upande wa pili. Chupa zile mbili zingine zilikuwa nzito vilevile.

"Ulipunguza?"

"Nilipunguza."

"Ilikuwa inaganda."

"Ndiyo."

"Na ulijua itaganda."

"Nilijua."

Alichukua kikombe changu kabla sijamaliza, akakiosha, akakipangusa, akakirudisha kabatini. "Mimi nimepoteza mbegu na siku," akasema. "Yule mama amepoteza nini, utajua ukifika. Chukua hii nikishachuja. Haitatosha."

Haikutosha. Nilipofika walikuwa wamelala chini wengi, wengine juu ya wengine, kwenye ile kona yenye joto. Mke wangu alikuwa amefunga leso kichwani na kuvaa gambuti, anatenga wanaokufa na wanaoweza kunywa. Aliyapokea maji, akawanywesha mmoja mmoja kwa kijiko, na hilo pia alilifanya vizuri. Waliopona ungeweza kuwabeba kwenye kikapu kimoja cha soko. Afisa wa mifugo alisema waliokufa wachomwe, tukachimba shimo nyuma ya ploti, na moshi wake ulikaa kwenye nguo zetu na za majirani.

Nilimwambia tukiwa kando ya lile shimo. Ningeweza kungoja, na pengine asingejua kamwe, maana Daktari hakuwa mtu wa kwenda kusema. Lakini nilikuwa nimechoka na sauti yangu mwenyewe ikisema iko ndani. Nikamweleza kila kitu: kichupa, Meneja, chekecheo, pakiti niliyompelekea Daktari, simu. Alisikiliza akiegemea jembe.

"Kwa hivyo yule mtu wa pikapu alipokuwa hapo langoni," akasema, "ulikuwa unajua."

"Nilijua unga hauko sawa. Sikujua ingefika hapa."

"Sikuulizi ilifika wapi. Nakuuliza kama ulijua."

"Nilijua."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia bei dukani na kuona hakuna haja ya kuibishania. "Nilikwambia useme ukijua. Na kweli ukasema ukijua."

Kesho yake nilishuka mjini nikamwambia Meneja arudishe kichupa na awapigie simu wote waliouziwa. Alipauka, akashika kichwa. "Lakini mzee, si ungesema tu? Mimi nilikuwa nauliza!" Namshukuru kwamba alipiga zile simu, nikiwa nimekaa kando yake. Koti nililiacha limetundikwa nyuma ya mlango. Sijui nani analivaa.

Mke wangu hakunifokea. Nilingoja, na ningeshukuru. Aliuza vyombo vya maji na vya chakula, akamgawia jirani kuku waliosalia, akafagia banda mpaka saruji ikang'aa, akalifunga na kumpa mwenye ploti ufunguo. Kisha akapakia vitu vyake. Nilipoanza kupakia vyangu, aliweka mkono juu ya sanduku.

"Wewe ulitaka Nairobi," akasema. "Kaa."

Huko nyumbani anakaa kwa mwana wetu mkubwa. Amejenga banda jingine, naambiwa ni kubwa kuliko la Uthiru. Nilikwenda Krismasi. Alinipokea vizuri, tena vizuri mno, kwa vikombe vya wageni, nikalazwa katika chumba cha wajukuu. Asubuhi nilimkuta akiwapimia kuku maji, nikanyoosha mkono nimsaidie kubeba ndoo. Akaihamishia mkono wa upande mwingine, akaendelea kutembea, akiniuliza kama mvua imenyesha Nairobi.

Mimi niko Uthiru bado, chumba kimoja. Daktari namsalimu kwa simu sikukuu, anaitikia kwa heshima, hajaniita tena Loresho. Watu wa ploti hudhani mke wangu yuko kwao kwa sababu ya shamba, na nilikuwa nikiwaacha wadhani hivyo. Sasa nimeacha. Wakiniuliza, nawaambia: nilikubali kuondoa kichupa ambacho nilijua hakiondolewi, nikadanganya nilipoulizwa, kuku wa mke wangu wakafa, naye akaniacha. Tumezeeka tukiwa mbalimbali, na hatarudi.